Maua ya Nyuma ya Tanuri

Nilitoka Kindu juu ya kamio, lori la mchele, nikiwa na sanduku la mbao, cheti cha shule ya sekondari, na koti jepesi ambalo kule kwetu lilikuwa pambo tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji. Sikuwa na mahali ninapokwenda. Wenzangu wa shule walikuwa wamekwisha kupata viti vyao vya ukarani kwenye reli na kwenye gati la mto, na nilipowatazama jioni wakipanga kalamu zao niliona kwamba nikikaa nao kidogo zaidi, nami nitapangwa. Kamio ile ilinifikisha Lubutu. Kutoka Lubutu nilipata nyingine iliyobeba chumvi. Ikakwama matopeni, tukaisukuma, ikakwama tena mbele kidogo, tukaisukuma tena, tukaingia Walikale tukiwa na rangi moja na barabara.

Walikale nilikaa nikila ndizi na samaki wa mto Lowa mpaka nikaanza kuzoea, na nilipoona nazoea nikaondoka. Mara hii hapakuwa na kamio. Nilifuatana na wapagazi waliokuwa wakipandisha mafuta ya mawese kwenda Masisi, watu wa maneno machache njiani na mengi penye moto. Siku za kwanza tulitembea ndani ya msitu, tukitoka jasho hata tulipokuwa tumeketi. Kisha njia ikaanza kupanda. Miti ikapungua, migomba ikawa mifupi, ukungu ukawa unatungoja katika kila bonde, na asubuhi moja mpagazi aliyekuwa mbele yangu akafungua mzigo wake, akatoa blanketi, akajifunga, akasema, “Sasa tunafika kwa bantu ba ng'ombe.” Ng'ombe wenyewe niliwaona baadaye kidogo, wamesimama kwenye mteremko wa majani kana kwamba wamebandikwa. Koti langu likageuka kuwa mali.

Mpagazi huyo, juu ya madebe yake ya mafuta, alikuwa amefunga kijiti kinene kilichoviringishwa katika majani makavu ya mgomba. Hakikuwa na jani wala mzizi. Tangu Walikale alikitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Mvua ikinyesha alikifunika kwanza. Nilimwuliza ni dawa ya nini.

“Haiko dawa,” alisema. “Iko ya Mama Mikate wa Mushaki. Kikioza, hatanipa mukate, atanipa matusi.”

Tulifika Mushaki mchana, na baridi ilikuwa imekaa barabarani kama mwenye mji. Harufu ya mkate ilitupokea kabla ya nyumba yoyote kuonekana. Mwanamke mnene kiasi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na unga hadi kwenye viwiko, alitoka nyuma ya tanuri, akampita mpagazi, akakichukua kijiti. Alikinusa pale kilipokatwa, akakibonyeza kwa kidole gumba, na hapo tu ndipo alipotuona.

“Ulikiloweka?”

“Hapana, Mama.”

“Uso wako iko wa muntu mwenye kuloweka.” Kisha akatupa mikate, mmoja kila mtu, na mimi pia ambaye hakunijua. “Na huyu mwenye koti ya Pasaka iko nani?”

Nilimjibu kwamba napita tu, naye kwa ajili ya cheti changu akaniita Karani. Nilikaa Mushaki miaka ya ujana wangu karibu yote. Niliondoka mara nyingi, nikarudi kila mara isipokuwa ya mwisho, na kila nilikokwenda tangu hapo, sasa nikiwa mtu wa makamo mwenye mguu usiotulia bado, mwanamke huyo ndiye ninayemsimulia watu wakiniuliza habari za milima ya Masisi.

Alikuwa mtu wa Walikale. Alipandishwa huko baridini na mumewe, kapita, msimamizi wa kikosi cha barabara ya Sake na Masisi, na mume alipofariki kwa homa ya mapafu watu walidhani atashuka kwao pamoja na wapagazi wa kwanza. Hakushuka. Alijenga tanuri. Mahali pale barabara inapanda kwa shida, na kila kamio ilipofika juu ilisimama ili injini ipoe. Yeye aliona kwamba dereva anayengoja injini ipoe ni mtu mwenye njaa asiyekuwa na la kufanya. Mikate yake ilikuwa mizito, yenye ganda gumu, na hakuruhusu mtu aibonyeze kabla ya kununua.

“Shofere,” angesema, “ule iko mukate. Haiko titi ya ng'ombe.”

Madereva walimpenda kwa matusi hayo. Wapo walioyatafuta makusudi, wakabonyeza mkate huku wakimwangalia.

Lakini yeye mwenyewe hakula mkate. Alipika ugali wa muhogo kila siku, akala na majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, na alipoulizwa alisema mkate ni chakula cha watu wanaokwenda mahali.

Mbele ya tanuri ilikuwa mikate. Nyuma yake yalikuwa maua. Mtu aliyepita barabarani aliweza kula kwake mwaka mzima asijue, kwa maana tanuri lenyewe lilikuwa kubwa kama kibanda cha mbuzi na liliziba kila kitu. Ukizunguka, ulikuta ukuta wa nyuma, wa matofali na udongo, ukiwa na vuguvugu asubuhi hadi jioni, na mbele yake madebe: madebe ya mawese, makopo ya majarini, nusu ya pipa lililokatwa, chungu kilichopasuka mdomo. Humo ndani iliishi nchi ya Walikale. Kulikuwa na lile ua jekundu linalopandwa kuzunguka nyumba, lenye ulimi mrefu unaotoka nje kama wa mtoto mwenye dharau. Kulikuwa na kanna, nyekundu na njano. Kulikuwa na mmea wenye majani kama ya tangawizi ambao maua yake meupe yalinukia jioni hadi madereva wakadhani kuna mwanamke aliyejipaka manukato. Na katikati, penye joto zaidi, palikuwa pa mti wa maziwa, ule ambao kwao Walikale hupandwa karibu na makaburi, ambao ukivunja tawi lake hutoka utomvu mweupe, na ambao maua yake ni meupe yenye moyo wa njano, mazito kama nta.

Alikuwa na kanuni zake, na alizisema kama mtu anayesoma amri. “Debe bila tundu iko kaburi,” alisema, na kila debe alilipiga misumari chini kabla ya lolote. Ndani alianza na vipande vya jiwe jeusi la volkano ambavyo madereva walimletea kutoka Sake, kisha udongo wa msituni, mchanga wa mtoni, na samadi iliyokaa mpaka ikasahau kwamba ilikuwa samadi. Maji aliyapa mimea yake asubuhi tu, yaliyopashwa moto kidogo, na wakati wa ukungu mrefu hakuyapa kabisa. “Baridi haiue,” alisema. “Maji haiue. Bikikutana, njo binaua.” Kijiti kipya kilichotoka bondeni hakukipanda siku ileile. Alikining'iniza chini ya paa la tanuri mpaka jeraha lake likauke na kufunga, na wageni waliokiona walidhani anakausha kuni.

Mara kwa mara aliyageuza madebe ili kila upande upate jua. Ilipotokea mvua ya mawe, alimwacha mteja na mkono wake hewani, akakimbia nyuma. Nilishuhudia mara moja akimwacha mkuu fulani wa polisi. Mkuu yule alingoja.

Ukimsikia akisema, ungedhani hakuyapenda maua yenyewe. “Maua haiko ya kula,” alisema mtu akiyasifu. “Ninaangalia kama miye nitaweza.” Wake wa walowezi waliopita na magari yao walikuwa na mawaridi mashambani mwao, na mmoja alitaka kumpa miche. Aliikataa kwa adabu. Aliponiona nashangaa, alisema, “Waridi inapenda hii baridi. Itanifundisha nini?”

Wala hakukubali kuyakata. Padri alipotuma watu kuomba maua ya altare siku ya Pasaka, alijibu kwamba Mungu anayaona vizuri hapohapo nyuma ya tanuri, na akawapa mikate. Kila Jumapili alikaa kanisani mstari wa mbele, mbele ya chombo kilichojaa maua ya mwituni, uso wake mtulivu kabisa.

Jirani yake wa karibu alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aliyetoka Kirolirwe katika ukoo wa wafugaji, ambaye aliuza maziwa barabarani hatua chache kutoka kwenye mikate. Tulimwita Mama Maziwa. Mwenye mikate alikuwa mwenye kelele, mwenye maziwa alisema polepole bila kukutazama, na walifanya biashara moja bila kukubali kamwe kwamba ni moja: dereva aliyenunua mkate kwa huyu alisogea kwa yule apate cha kuushushia.

Kijiti kile cha mpagazi, kumbe cha mti wa maziwa, kilishika, kikatoa majani, na mwaka uliofuata kilikuwa mti wa kufika kiunoni. Ndipo Mama Mikate alipoitwa Walikale kwenye msiba wa dada yake. Alimwachia Mama Maziwa ufunguo, moto na madebe, na maneno mengi sana juu ya maji. Alikaa huko muda mrefu. Ukungu ulishuka, na mti wa maziwa ukafanya vile unavyofanya penye baridi: ukaangusha majani yote.

Mama Maziwa alikuwa ameonywa juu ya maji. Juu ya chumvi hakuonywa. Aliutazama mti ule uliokonda, akavunja ncha ndogo, akaona maziwa yanatoka machache, na akafikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angefikiri: kitu chenye maziwa kikikonda, kimekosa chumvi. Alichukua ile ambayo ng'ombe wake hulambishwa, akaikoroga, akaumwagia. Kwa kuwa hakuwa mtu wa upendeleo, akaimwagia na mingine.

Nilikuwepo Mama Mikate aliporudi. Alizunguka tanuri. Alikaa huko akigusa shina moja baada ya jingine, yote yamekauka, nasi tukangoja mbele kama watu wanaongoja hukumu.

“Dada,” aliita hatimaye, “ulibapa nini?”

“Chumvi.”

“Chumvi ya nini?”

“Ulikuwa unakamuka kidogo.”

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Mama Mikate hakucheka. Alikuja mbele, akaichukua meza yake ya mikate, akaihamisha upande wa pili wa barabara, na kwa msimu mzima madereva walilazimika kuvuka ili wapate mkate na kuvuka tena ili wapate maziwa. Mama Maziwa hakuomba msamaha, maana kwake aliona amemtendea mgonjwa wema. Lakini kila asubuhi alipeleka kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni. Mwanzoni kilirudi kimejaa. Baadaye kilirudi kitupu. Baadaye meza ikavuka barabara ikarudi mahali pake.

Watu waliodhani madebe yale yalikuwa kwa ajili ya baridi tu walijua nusu ya habari. Nusu nyingine nilielezwa na mzee mwenye kilima.

Kiwanja chote kile, barabara hadi kijito, kilikuwa cha ukoo wa wakulima Wahunde waliolima maharage hapo tangu vizazi, na mzee huyo ndiye aliyempa kapita na mkewe mahali pa kukaa. Desturi ya kilima chake ilikuwa wazi. Mgeni hupanda maharage, mahindi, viazi, chochote kinacholiwa kabla mwaka haujageuka. Kitu cha kukaa hapandi. Mtu akitia mti ardhini, ametia jina lake ardhini, na jina halitiwi bila ruhusa. “Ule mama anaelewa,” mzee aliniambia, akionyesha madebe kwa kiko chake. “Tangu bwana yake alikufa, hajatia hata mugomba moja. Anabeba shamba yake mukononi.”

Nilimwuliza Mama Mikate kama hilo halimuumizi. Alikuwa amegeuza debe juu chini, ameutoa mmea na udongo wake wote kama keki, na anaikata mizizi iliyojizungusha.

“Angalia,” alisema. “Muzizi ikikosa pa kwenda, inajifunga yenyewe. Unaikata, unaipa udongo mupya, inaendelea. Mwaka kwa mwaka.” Alisukuma mmea ndani ya debe. “Lakini debe iko debe.”

Mzee alikufa wakati wa palizi. Asubuhi ya mazishi, Mama Mikate, aliyekataa kumpa Padri hata ua moja, alitoka nyuma ya tanuri na kisu. Alikuwa ameyakata yote: mekundu, ya njano, yenye harufu. Aliyaweka juu ya jeneza, akarudi akakanda unga. Nyuma ya tanuri palibaki vijiti.

Mtoto mkubwa wa mzee akashika kilima. Alikuwa kijana wa karibu umri wangu, amefanya kazi katika kiwanda cha maziwa cha mlowezi mmoja upande wa Burungu, anavaa viatu, mwenye akili na haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu mahali pale. Kamio zilikuwa zimezidi, na yeye alitaka kujenga butike palepale zinaposimama: sabuni, mafuta ya taa, nguo. Hilo tanuri lilikuwa limekaa katikati ya butike yake.

Hakumfukuza, kwao mjane aliyekaa muda huo hafukuzwi. Baba zake wadogo walimwambia amwulize swali la desturi, naye akaja akaliuliza hadharani, mikate ikiwa mezani.

“Mama, umekaa sana. Uko mugeni, ao uko muntu wa hapa?”

“Nani anauliza?”

“Kilima.”

“Basi kilima kiseme ninafanya nini.”

Alimweleza. Kama ni mgeni, avune maharage yake ya msimu ule na ashuke kwao, atapewa watu wa kumbebea. Kama ni mtu wa hapo, atie kitu ardhini, kitu cha kukaa, na kikishika mpaka mavuno ya maharage, mahali pale ni pake na hakuna atakayeuliza tena.

“Nitapanda mulumba,” alisema Mama Mikate. Mulumba, mti wa ua na wa kivuli, hushika hata ukiutupa njiani.

Kijana alitabasamu. “Mulumba iko yetu. Inashika kwa kila muntu. Panda yako.”

Ilikuwa akili, na wote tuliona. Miaka mingi kijana alikuwa amemsikia Mama Mikate akisema kwamba vitu vya Walikale haviwezi kuishi juu kule bila debe, bila paa, bila kukimbizwa mvua ikija. Sasa alimtaka achague kati ya maneno yake na mahali pake.

Jioni ile nilikwenda kumshauri, kwani ujana hauna haya. Nilisema apande kanna, maana kanna hata baridi yenyewe imeikubali.

“Kanna inang'olewa kama kiazi,” alisema. “Batasema nilipanda mboga.”

Na lile jekundu?

“Mbuzi ya ule kijana italikula, naye atasema hakuituma.” Alikuwa tayari amekwenda nyuma, amesimama mbele ya mti wa maziwa, mwingine, aliouotesha kutoka kijiti kilichofuata baada ya msiba wa chumvi. Alikuwa na mmoja tu. “Huu unajua kulala,” alisema. “Mwenye kujua kulala atafika mavuno.”

Aliupanda mbele ya mashahidi, na jinsi alivyoupanda sijaisahau. Hakuutia shambani. Alichimba shimo kubwa, karibu kabisa na ukuta wa nyuma wa tanuri, akalijaza nusu nzima mawe meusi ya Sake. Juu ya mawe mchanga, juu ya mchanga udongo, na udongo akaupandisha kama kichuguu ili maji yakimbie. Aliukata mti majani yote yeye mwenyewe, kabla baridi haijafanya hivyo. Kisha akalirefusha paa la nyasi la tanuri mpaka likaufunika.

“Hiyo iko debe,” alisema kijana.

“Debe iko na chini,” alijibu. “Hii chini yake iko kilima yako. Chimba uangalie.”

Baba mdogo mmoja alicheka, na ikawa imekubaliwa.

Mvua za msimu ule zilikuwa mbaya. Ukungu ulikaa siku nzima. Mama Mikate hakulala mbali na tanuri. Alichoma mikate mpaka madereva wakashindwa kuimaliza, kwa sababu ukuta ulipaswa kubaki na joto, na mkate wa ziada akawapa watoto wa shule, wafungwa wa barabara, na mbwa. Kuni zilimwisha. Mama Maziwa akaanza kuleta samadi kavu kutoka zizini kwake kila alfajiri, akaimwaga kando ya mlango wa tanuri.

“Mikate itanuka ng'ombe,” Mama Mikate alilalamika.

“Itapata heshima kidogo,” alisema mwenzake, bila kumtazama.

Mti wenyewe ulikuwa kijiti cha kijivu. Hakuna jani lililotoka. Kila aliyepita aliutazama kisha akamtazama mwenye nao kwa huruma, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Mara moja tu nilimwona Mama Maziwa akisogea na kibuyu cha maji.

“Dada.”

“Kidogo tu.”

“Dada.”

Akayanywa mwenyewe.

Maharage yalipovunwa, kijana akaja na baba zake wadogo wawili. Walizunguka tanuri, na sote tukazunguka nyuma yao. Kijiti kilisimama kama kilivyosimama.

“Ukuni,” alisema kijana. Hakusema kwa furaha. Nadhani hata yeye alikuwa ametarajia jani moja.

Mama Mikate alimpa kisu chake cha kukatia unga. “Kata wewe. Nikikata miye, utasema iko mayele, iko ujanja.”

Alikata ncha. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Kisha nukta nyeupe ikajitokeza penye jeraha, ikawa tone, ikateremka gomeni polepole, na nyingine ikaifuata.

Mama Maziwa alisogea, akaigusa kwa kidole, akaitazama. “Kwetu,” alisema, “chenye kutoa maziwa hatukizike.”

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kijana hakucheka. “Maziwa nimeona,” alisema. “Nilisema kushika.”

“Basi vuta,” alisema Mama Mikate.

Akainama, akaushika kwa mkono mmoja, akavuta. Akaushika kwa yote miwili. Niliiona mishipa ya shingo yake, na nilimwona Mama Mikate akiuegemea ukuta wa tanuri. Kilima kizima kilikuwa mikononi mwa kijana yule. Angeweza kuuvunja, alikuwa na nguvu za kutosha, na kijiti ni kijiti. Aliuachia, akajipangusa viganja kwenye suruali.

“Umeshika,” alisema. Kisha, akilitazama tanuri: “Kuko mukate?”

Butike aliijenga upande wa pili wa barabara, na ikafanya vizuri kuliko ambavyo ingefanya huku, maana wateja wa mikate walivuka. Miaka ya baadaye alipenda kusema kwamba yeye ndiye aliyempa Mama Mikate mahali, na Mama Mikate alimwacha aseme.

Kuwa mtu wa kilima kulimletea taabu ambazo ugeni ulikuwa umemkinga nazo. Aliitwa kwenye kila msiba, kila palizi ya pamoja, kila ugomvi wa mpaka. Walimtumia watoto wa ukoo wakae naye wakati wa shule, wakamlia mikate. Alinung'unika kwa sauti ya kusikika hadi Sake, na hakukosa hata mwito mmoja. Unga wa mikate ukajaa vidole vya watoto, na mikate ikawa mibaya kidogo.

Mti wa maziwa ulichanua msimu wa jua wa mwaka wa tatu, au wa nne. Nilikuwa Goma nikijaribu maisha mengine, na niliporudi maua yalikuwa yamekwisha. Nilisikitika. Mama Mikate alisema nikikaa mahali pamoja nitaona mambo.

Sikukaa. Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru nilipata habari ya kazi Stanleyville, na safari hii nilijua mwenyewe kwamba sirudi, ingawa sikumwambia mtu. Nilifunga sanduku langu asubuhi ya baridi. Kamio ilikuwa imesimama juu ya mwinuko, injini ikipoa, dereva akibonyeza mkate makusudi. Hakutukanwa. Nilizunguka tanuri kumtafuta mwenyewe.

Alikuwa amepiga magoti katika udongo, mbali kabisa na ukuta, pale penye upepo, anachimba shimo la ule mmea wenye harufu ya jioni. Hakuwa amejenga paa. Hakuwa ameleta jiwe.

“Mama, pale mmea utakufa,” nilisema. Kazi yake ilikuwa imekwisha kunifundisha kiasi hicho.

“Inaweza.” Aliutia mmea, akasukumia udongo kwa viganja vyote viwili. “Ukikufa nitapanda ingine. Siko na haraka.” Kisha akanitazama, akaona koti jipya, akaona sanduku barabarani kati ya miguu ya dereva. “Unaenda wapi leo?”

“Stanleyville.”

“Kule iko joto.”

“Joto sana.”

“Basi utaota vizuri.” Alinyoosha mkono nimwinue, na alipokwisha kusimama hakuuachia mara moja. “Miaka yote hii, Karani. Haukupanda hata kitunguu.”

Dereva alipiga honi. Mama Mikate alinipa mkate kutoka kwenye rundo lililokuwa likipoa, akanusa hewa, akasema kitu fulani kinaungua, akaenda kukitazama.